Waya Uliozunguka Msitu

Ruring'u, Nyeri

Kaka yangu mpendwa Maxwel,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto wote hapo Kimilili. Mguu wako ulioteguka shambani umepona, au bado unachechemea na kujifanya mzima? Nasikia mahindi yamekubali mwaka huu, nami nimefurahi kwa ajili yenu. Huku kwetu baridi ni ile ile unayoilalamikia kila ukija. Tunaamka, tunakula, na mjukuu wangu anamaliza chupa yake ya maziwa na kunenepa. Simeon huja kila Jumamosi kumwona mwanawe. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Siku tuliyomzika Nekoye uliniuliza kando ya kaburi kilichomuua binti yetu, nikakujibu kwamba alitokwa na damu baada ya kujifungua, basi. Ulinitazama kama mtu anayejua kuna zaidi. Kweli kulikuwa na zaidi. Kwenye simu sauti yangu hukatika kabla sijafika mwisho, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Wewe unamjua Gicheru kama shemeji mcheshi, lakini kazi yake hukuiona kwa karibu. Nilipoletwa Nyeri kufundisha, nilimkuta afisa wa misitu kijana, ana kovu bichi la panga begani aliloachiwa na wachoma makaa. Hakuwachukia. Aliwatafuta mmoja mmoja, akawapa vibarua vya kupanda miche, na wengine wao walikuja harusini kwetu wamevaa makoti ya kuazima. Upande ule wa mlima uliokuwa visiki vitupu, leo ukipita kwenda Nanyuki unaona kijani. Alipozaliwa binti yetu, desturi ya kwao ilidai apewe jina la mama yake Gicheru. Yeye akasema mama yetu sisi amekufa bila kumwona mjukuu hata mmoja, basi mtoto aitwe Nekoye. Ndivyo alivyo mtu huyu. Nimetaka uyasome hayo kabla ya yanayofuata.

Baadaye akahamishiwa ofisi ya umeme wa vijijini. Wenzake walinong'ona kwamba mtu wa miti atajua nini kuhusu nguzo na transfoma. Alijifunza. Alikuwa akirudi na matope mpaka magotini, ananisimulia habari za bibi kizee aliyewasha taa na kuizima, kuwasha na kuzima, hadi wajukuu wakamwondoa kwenye swichi.

Kijiji kilichomsumbua ni Kiamuceru, ng'ambo ya msitu. Huko ndiko Nekoye alikopangiwa kazi ya uuguzi katika zahanati, na huko huko akaolewa na Simeon, mwalimu wa shule ya msingi. Njia fupi ya waya ilipita katikati ya mitarakwa mikongwe, juu ya chemchemi inayonywesha vijiji vya chini. Gicheru alikataa miti ile kukatwa. Alisema waya utazunguka msitu kwa kufuata barabara. Hiyo ilimaanisha nguzo nyingi zaidi, na kwenda mlango kwa mlango kuwaomba wenye mashamba ruhusa. Wapo waliokataa, na wapo waliokwenda kortini. Mvua ikaja ikapita, ikaja nyingine, na Kiamuceru ikabaki gizani.

Mzee Mutahi, mwenyekiti wa kijiji, alikuja hapa nyumbani akakataa hata chai. "Afisa," alimwambia, "miti haina watoto. Sisi tuko nao." Gicheru akamjibu kwa upole kwamba chemchemi ikikauka, hiyo stima itawamulikia ndoo tupu. Mimi nilikuwa jikoni nawasikiliza, nikaona wote wawili wamesema kweli.

Nekoye alimuunga mkono baba yake. Alichomkumbusha kila akija ni friji ya zahanati tu. Ilikuwa ya gesi, na gesi yenyewe ilichelewa kuletwa. Baba yake akamwambia avumilie kidogo, nguzo zimeshafika shuleni. Na kweli zilikuwa zimefika. Niliziona mwenyewe, zimesimama bila waya.

Alikuwa aje huku mjini kujifungua, lakini uchungu ulimshika kabla ya wakati, mchana, akiwa kazini, na mvua imeiharibu barabara. Mtoto alitoka salama. Kisha ikaja damu. Ambulensi ilikwama kwenye matope, vijana wakaisukuma, na ilipofika hapakuwa na mgonjwa tena wa kubebwa.

Hayo unayajua. Usiyoyajua niliyapata kwa Bisharo, muuguzi mwenzake, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi kule Nanyuki. Alikuja kunipa pole baada ya matanga, akakaa anasokota ncha ya ushungi wake mpaka nikamwomba aseme. Akasema ipo dawa ya sindano ya kuzuia damu ya mzazi, na alimdunga. Damu haikusimama. Akamdunga tena. Dawa hiyo hutaka baridi, na kwa kuwa gesi ilikuwa imeisha, ilikuwa imekaa nje ya friji wiki nyingi ikapoteza nguvu. Nekoye, akiwa muuguzi, alielewa kabla ya Bisharo kuelewa. Alimshika mkono akamwambia, "Usimwambie baba ni friji." Hakusema neno jingine baada ya hilo.

Nikalibeba peke yangu. Wiki chache baadaye umeme ukafika Kiamuceru. Sikutaka kwenda kwenye sherehe, lakini Gicheru alinisihi, akisema Nekoye angependa. Kwaya iliimba. Mzee Mutahi alimshika mkono mume wangu mbele ya watu wote, akasema afisa huyu amewaletea stima na amewaachia maji yao. Watu wakapiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu maziko nilimwona Gicheru amenyoosha mgongo.

Kisha wakatupeleka kuona zahanati. Friji mpya ilikuwa inanguruma ukutani. Gicheru, kama afisa anavyouliza popote anapokwenda, akamuuliza Bisharo wanahifadhi nini humo. Akajibu, chanjo. Akauliza na nini tena. Msichana yule hajui kudanganya. "Na dawa ya kina mama wanaotokwa na damu," alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Gicheru alinigeukia, nami nikatazama sakafu.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua. Akauliza kama Nekoye naye alijua. Hapo ningeweza kumdanganya, Maxwel, na labda ningepaswa. Nilimwambia alijua, na nikamwambia neno aliloliacha. Akaegesha gari kando ya msitu, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika ndoa yetu. Akasema, "Ningeikata yote. Ningeikata kwa mikono yangu." Mitarakwa yenyewe ilikuwa hapo hapo dirishani.

Ameacha kazi. Watu wa Kiamuceru walimletea viazi na jogoo wa shukrani, akajifungia chumbani mpaka wakaondoka. Mimi siku nyingine namhurumia hadi naumwa. Siku nyingine nakumbuka nguzo zile tupu, nashindwa hata kumpakulia chakula. Naogopa nitakachomtamkia siku moja. Alichofanya kilikuwa haki, na mwanangu amekufa, na sijui kuyaweka mambo hayo mawili ndani ya nyumba moja.

Jana mtoto alilia nikiwa nje naanua nguo. Niliporudi nilimkuta Gicheru amembeba, yeye ambaye hakuwahi kumgusa, anamwomba msamaha kwa Kikuyu, polepole, kama anayeongea na mtu mzima. Mtoto hakuacha kulia, naye hakumweka chini. Nilisimama mlangoni na nguo mikononi nisiweze kuingia.

Njoo, kaka. Usilete maneno ya faraja, yote tumeshaambiwa. Kaa naye tu, hata msiposemezana. Na ukifika ukaona mimi ndiye wa kuondolewa kwanza hapa, nichukue unirudishe nyumbani pamoja na mtoto, wala usinilaumu.

Wifi mwambie namkumbuka, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi dada yako,
Gaudencia