Hamisi Hakurogwa, Anakaa Tu

Temeke, Dar es Salaam
Ijumaa, baada ya sala ya mchana

Kaka yangu Saidi,

Shikamoo. Nyingine ni ya mama, umwinamie umwambie sikioni, maana nasikia masikio yake yamezidi kuwa mazito. Goti lako je? Na mikorosho mwaka huu imechanua? Sie huku miili ni mizima, ila moyo wangu una kitu, nacho ndicho kilichonikalisha na kalamu. Naandika mwenyewe, usidhani nimeandikiwa. Kisomo cha watu wazima nimekimaliza, na mwalimu alisema mbele ya darasa zima kuwa mwandiko wangu unasomeka kuliko wa wanaume. Basi soma peke yako, usimpe mtu akusomee.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza neno moja tu: ni kweli Hamisi ana wazimu? Unasema habari zimefika mpaka kwa Mzee Bakari, naye ametuma mtu kusema posa ya Hamisi kwa binti yake Zuhura isimame kwanza, hadi wewe mjomba mtu utoe kauli. Kaka, nililia. Kisha nikanyamaza, kwa kuwa aliyeanzisha habari hizo ni mie.

Unajua kwamba kiwanda cha nguo kilichagua vijana wanne kwenda India kujifunza mitambo ya kufuma, na mwanangu akawa mmojawapo. Cheti chake nimekitundika ukutani, kinatazamana na mlango, mgeni hawezi kuingia asikione. Sasa, pamoja na cheti alirudi na desturi. Akishasali alfajiri anajifungia chumbani robo saa hivi. Mie nilidhani analala tena. Siku moja joto lilizidi, akatoka na mkeka wake akautandika uani, nyuma ya jiko.

Natoka na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, namwona kijana amekunja miguu, mgongo umenyooka kama mchi, macho amefumba. Nikaita, "Hamisi!" Kimya. "Hamisi baba!" Kimya. Nikaita mara ya tatu. Kaka, kwetu mtoto akiitwa na mama yake mara tatu asiitike, ama ana jeuri ama amekufa. Na mwanangu hana jeuri. Nikammwagia ndoo nzima, nikapiga yowe.

Akaruka. "Mama! Kuna moto?"

Lakini ua ulikwisha jaa. Mama Tausi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuja na mwiko mkononi unachuruzika uji. Balozi wetu wa nyumba kumi naye akaja, shati kalivaa kinyume, akauliza:

"Kijana, ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa nakaa, mzee."

"Unakaa? Taifa zima linafanya kazi, wewe unakaa?"

"Robo saa tu, mzee. Saa moja naingia zamu."

"Na hayo macho, ukiyafumba unamwona nani?"

"Simwoni mtu."

Mama Tausi akadakia, "Hamwoni mtu! Dalili si ndiyo hiyo!"

Hapo ningenyamaza, yangeisha kwa kicheko. Lakini nilikwisha shika kichwa, nalia kwa sauti: "Wamenirogea mwanangu! Kijicho cha cheti hicho!" Nikataja na nani na nani wananionea kijicho, mtaa mzima unasikia. Wiki ileile Mama Tausi akapanda basi kuja huko kwenu kuzika. Mengine unayajua.

Nilimpeleka kwa maalim anayefundisha watoto chuo hapa mtaani. Akamuuliza, "Ukikaa hivyo unamwomba nani?" Hamisi akasema, "Simwombi mtu, maalim. Nahesabu pumzi." Maalim akacheka, akasema, "Basi hesabu. Ila ukisikia adhana, simama." Sala zake tano hajaacha hata moja, hilo walijue kwa Mzee Bakari.

Wenyewe India wanaiita yoga. Nilimwuliza Hamisi, unapata nini humo? Nilikuwa napeta mchele wakati huo. Akanitazama weee, akasema, "Mama, ungo ukiwa mkononi unafikiri nini?"

"Sifikiri kitu. Ukifikiri, chuya zinapita."

"Basi na mie ndivyo hivyo."

Tangu siku ile, kaka, najitazama. Ninapofagia ua nimeinama, mkono mmoja mgongoni, fagio linakwenda na pumzi, kichwani kweupe. Alipokuwa ng'ambo, miezi mitano bila barua, nilichambua mchele ambao hata mawe haukuwa nayo. Majirani walinicheka. Sikujua kwa nini nafanya vile, nilijua tu kwamba nikishika ungo kifua kinafunguka. Juzi kwenye foleni ya sukari wanawake wanasukumana, wanatukanana, mie nimesimama nahesabu pumzi zangu kimyakimya. Msimamizi wa duka mwenyewe akanisifu, "Mama huyu ana adabu." Nikamwambia Hamisi, kumbe mamako amefanya yoga miaka yote bila kupanda ndege. Akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini kuna jambo sijawahi kukuambia. Hamisi wa kabla ya safari hukumwona. Mitambo ile inalia kutwa, ukitoka bado inalia ndani ya kichwa. Alikuwa akirudi macho mekundu, neno dogo tu anapiga ukuta. Siku moja chai ilipoa, akaitupa bilauri, ikapita hapa karibu na sikio langu. Nilikuandikia kwamba kazi inamwendea vizuri. Sasa anarudi, anavua viatu, ananiuliza, "Mama, umeshindaje?" Kaka, wewe na mie tulilelewa na mwanamume asiyejua kutulia. Mama yetu yuko hapo ubavuni kwako, na sikio lile la kushoto halikuzibwa na uzee.

Hamisi nimemsomea barua yako. Amesema, "Mjomba akisema niache, nitaacha." Na ataacha kweli, ndivyo nilivyomlea. Ndiyo sababu naogopa kauli yako kuliko maneno ya watu.

Nisalimie wifi yangu, aliyemuuguza Hamisi alipopata surua wakati mie sina nguvu. Nisalimie mdogo wetu wa mwisho huko kijijini, na watoto wote wanaoniita shangazi. Hamisi anakuamkia.

Sasa ombi langu, kaka. Nenda kwa Mzee Bakari mwenyewe, usitume mtu. Usimwambie ameacha, kwa maana hajaacha. Mwambie kijana anakaa robo saa kila siku ili binti yake asije akapigwa. Na mbele ya watu, hata Mama Tausi akiwepo, sema dada yako wa Dar, yule wa barua za kujisifu, alipiga yowe bure na kusingizia watu uchawi. Najua watacheka, na huko kwetu kicheko hakiishi haraka. Wacheke. Aibu niachieni mie, yeye apewe mke.

Ni mie dada yako wa tumbo moja,
Mwanahawa