Petro Nimtaje Wapi?

Nyarubungo, Jumapili, Februari 1979

Jina la Petro limenishinda. Padri hakufika, kwa hiyo sala nimeongoza mimi, katekista. Kabla hatujaanza, mama yake alinishika mkono.

"Mwalimu, tangu aende vitani nimepata barua moja tu. Leo utamtaja pamoja na askari walio hai, au pamoja na marehemu? Nataka kujua niitikie wapi."

Nikamwambia Mungu anajua. Hilo si jibu, ni kumkimbia mama wa watu. Mpaka sasa najichukia.

Nilimtaja kwa walio hai. Mama akaitikia kwa sauti kuliko wote. Tulipofika kwa marehemu, aliinama akanong'ona peke yake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

Alikuwa anamtaja Petro tena.