Siku Njano Aliposhindwa Kutaga

Jumamosi. Baridi ya Julai, ukungu umekaa mpaka saa nne, na upepo wa hapa Dongobesh ni ule unaoingia hadi kwenye meno.

Leo nilitakiwa niwe Katesh. Begi nimelifunga tangu jana, cherehani iko tayari mlangoni, na rafiki yangu Rehema ameshapata chumba cha duka letu la ushonaji. Jumatatu anafungua. Nisipofika, anamchukua fundi mwingine. Ameshanisubiri mara mbili huyu, simlaumu. Hata mimi ningejichoka.

Sijaenda. Ndege wangu amekwama na yai.

Mnaosoma hapa mnajua nafuga kasuku wadogo, wale wa kijani na njano wanaopiga kelele kutwa nzima, kwenye banda la wavu nyuma ya jiko. Baba alinijengea mwaka ule mama alipofariki, tukabaki mimi na yeye. Na tafadhali, msianze kuniandikia ile habari ya ndege na tundu. Nimeisikia mpaka basi. Mimi nina miguu, na gari la Katesh lipo kila asubuhi.

Basi kwa nini nahisi kuta za nyumba hii zinanisogelea?

Asubuhi nilikwenda kuwawekea ulezi nikamkuta Njano, jike langu la kwanza, ameketi chini sakafuni. Manyoya kayatutumua, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, tumbo limevimba. Nikajua. Baridi ikizidi, jike hushindwa kulisukuma yai, na yai lisipotoka mapema ndege anakufa.

Gari likapiga honi barabarani. Nikalisikia linasimama, halafu linaondoka. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukatulia.

Ngoja niseme ukweli. Kila mfugaji anajua masanduku ya kutagia hayatundikwi miezi ya baridi. Nimewahi kuwafundisha wengine hapahapa. Lakini Rehema aliponiambia chumba kimepatikana, kesho yake nikatundika manne. Nilijiambia nataka vifaranga. Uongo mtupu. Nilitaka sababu, kwa kuwa mwenye vifaranga vya kulea haulizwi kwa nini haondoki. Woga wangu ndio uliomponza Njano.

Nilikuwa jikoni nimemshika, machozi yananitoka, baba akaingia kutoka zizini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari limeondoka, na wewe uko hapa?"

Nikamwonyesha. Nilitegemea acheke, maana baba ni mtu wa ng'ombe na siku zote hawa anawaita kuku wasioliwa. Hakucheka. Alinawa mikono, akauliza mafuta ya kupikia yako wapi. Nikasema labda nimbinye tumbo kidogo.

"Weee! Usithubutu. Yai likivunjika ndani umemuua. Huyu anataka joto, na asitishwe."

Tukaweka sufuria ya maji ya moto karibu, mvuke umfikie bila kumuunguza, nikampaka tone la mafuta pale yai linapotokea. Kisha baba akamfunika kwa kitambaa, akamwingiza ndani ya koti lake na kukaa karibu na moto. Akawa anamsemesha Kiiraqw polepole, kama anavyomsemesha ng'ombe anayezaa. Tangu msiba wa mama sikuwahi kumwona ametulia hivyo. Mchana nilisonga ugali, akala kwa mkono mmoja, mwingine umemshika ndege.

"Limetoka," akasema baadaye, kama anayesema mvua imekatika.

Yai lenyewe, jamani, dogo kama ncha ya kidole. Akaligeuza kiganjani. "Hiki ndicho kilichokuzuia?"

Nikasema ndiyo. Halafu nikasema hapana. Nikamwambia naogopa kumwacha peke yake, nani atampikia?

Alicheka mpaka Njano akashtuka. "Mwanangu, ugali wako wenyewe mbichi! Mwaka wa tatu huu nauvumilia. Nilikuwa naona huna raha, ndiyo maana nikakujengea banda, angalau upate cha kukufurahisha wakati unanitunza. Kumbe tunachungana."

Akataka nimwonyeshe ulezi unawekwaje na maji yanabadilishwa lini. Amelea ng'ombe, amenilea mimi, hawa watamshinda wapi?

Nilidhani siku akisema niende nitaruka kwa furaha. Wala sikuruka. Muda wote huu nilikuwa na wa kumsingizia, kwanza baba, kisha ndege. Kumbe naogopa kushindwa tu. Naogopa wateja wa Katesh waichambue mishono yangu, nirudi na begi lilelile, na watu wa stendi wananitazama nikishuka.

Jioni hii nimeshusha masanduku. Njano yuko jikoni kwenye kikapu, amedonoa ulezi kidogo. Baba alinishikia stuli. Nikashusha la kwanza, la pili, la tatu, nikateremka na kujifuta mikono.

"Umebakiza moja," akasema.

Nikamwambia hilo tuliache, huenda Njano akipona akalihitaji. Stuli hakuiachia.

Nikamwacha pale nikaingia ndani, nikajifanya nina la kuandika. Dirishani namwona bado amesimama bandani kwenye upepo, ameishika ileile stuli, wala hatazami huku. Mzee wa watu atapata mafua.

Ngoja nikalishushe.