Dirisha la Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Nimepita kwa mama baada ya kufunga duka la dawa. Jirani kaanza kujenga! Kile kiwanja kitupu kinachotazamana na dirisha la cherehani sasa kina msingi, na ukuta utapita karibu kabisa na nondo za dirisha. Mama ananieleza huku anapiga pindo la sare ya shule, hata kichwa hainui. Nikauliza, na mwanga je? Akasema atawasha taa, na kila mtu ana haki ya kujenga kwake.

Sawa. Ila mimi roho imeniuma. Chini ya meza ile ndipo nilipojifunza kusoma, nimekalia vipande vya vitambaa, pedeli ikigongagonga karibu na sikio. Baba alikuwa anakatiza kiwanjani akitoka kazini. Hapiti mlangoni — anagonga nondo kwa ufunguo, na mama anajifanya hasikii mpaka agonge tena.

Na hatuna picha hata moja ya mama pale. Nimejaribu kwa simu leo. Nikilenga dirisha, mama anakuwa kivuli cheusi. Nikimlenga mama, dirisha linaungua, jeupe pe.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji — mume wa dada, yule wa kupiga picha za harusi — kaniazima kamera yake ya zamani na stendi. Nilipomweleza shida yangu akacheka, akasema hiyo ndiyo kazi ya HDR. Jicho la mtu linaona chumbani na nje kwa pamoja, kamera haiwezi. Kwa hiyo unapiga picha tatu za kitu kilekile: moja yenye giza ili nje paonekane, moja ya kawaida, moja yenye mwanga mwingi ili pembe za chumba zijitokeze. Kisha kompyuta inazichanganya iwe moja. Sharti: kamera isisogee hata unywele. Ndiyo maana ya stendi. Na usibonyeze kwa kidole, itatikisika — iache ijihesabie sekunde, ijipige yenyewe. Tundu la lenzi usiliguse, badilisha tu muda wa kuingiza mwanga.

Nimejaribia jikoni kwangu. Eh! Masufuria yanang'aa kama ya dukani, anga la bluu lisilokuwepo duniani, na ukingo wa mlango una mwanga kama malaika anataka kuingia. Mume wangu kauliza hilo jiko ni la nani, tuhamie.

Nikamtumia shemeji. Jibu lake: umetia chumvi mno. Kumbe kila kipimo cha mwanga na rangi kwenye kompyuta nilikuwa nimekivuta mpaka mwisho.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Sijapiga chochote.

Mama kasema kwenye simu ukuta umefika usawa wa kizingiti cha dirisha. Kasema kama anayenipa habari za hali ya hewa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda kwa mama. Stendi nimeiweka mlangoni, mama cherehanini, futi shingoni kama kawaida yake. Nikamwomba atulie kidogo. Akatulia — kwa picha ya kwanza. Ya pili kashavuta kitambaa. Ya tatu anatafuta mkasi.

Matokeo: mama mwenye mikono mitatu, na kichwa kama moshi. Nilidhani atakasirika. Kacheka mpaka kavua miwani akafuta macho. "Usiifute," akasema. "Huyo ndiye aliyewashonea nyinyi."

Nikamwomba tena, akae tu, asifanye kitu. Akajaribu. Mikono kaiweka mapajani, kaitoa, kaiweka mezani. Akaniambia hajawahi kukaa pale bila kazi, hajui mikono inakwenda wapi.

Mwishowe tukapata moja nzuri kidogo. Chumba chote kipo: chaki, sindano zilizochomekwa ukutani, rangi iliyobanduka. Na nje kupo! Juu ya matofali mapya unaona kile kijia cha baba kiwanjani, bado hakijaota nyasi.

Halafu nikaikuza ile sehemu nyuma ya mlango, ambayo siku zote ni giza. Kuna koti. Koti la mvua la baba, kwenye msumari. Mimi na dada tulijua liligawiwa pamoja na nguo zake nyingine baada ya mazishi. Mama kaitazama skrini. Kasema koti halijamsumbua mtu.

Nimerudi nyumbani nikaitazama picha ile mpaka mume wangu akanikumbusha kula.

Jumapili, 10 Machi

Mafundi wa jirani leo wanapumzika. Jana fundi mkuu, kijana mpole, alimwamkia mama dirishani na kumtaarifu kwamba Jumatatu wanapandisha mpaka juu. Kama anaomba radhi. Mama akamuuliza kama wamekula.

Kwa hiyo leo ndiyo leo. Nimefika mapema na stendi yangu. Nusu ya chini ya dirisha ni matofali tayari. Nusu ya juu bado ni kijia, barabara na anga.

Nilikuwa nishapanga kila kitu. Mama akawa hakai. Anazunguka kamera, anachungulia kwenye kioo chake. Nikamwambia mama, jua litatupita. Akanionyesha kiti chake.

"Kaa wewe," akasema. "Dirisha nimelitazama mimi maisha yangu yote. Hicho kiti sijawahi kukiona kikiwa na mtu."

Nimekaa. Kiti kimebonyea kwa umbo lake, si langu. Kutoka hapa kijia cha baba kinakuja moja kwa moja usoni — sikuwahi kujua. Chini ya meza mtu haoni njia.

Wingu limeziba jua, tunasubiri. Kanikataza kukaa bure, nishike kazi, ndiyo maana naandika. Yupo nyuma ya stendi, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Nimemweleza picha zitakuwa tatu, asiitikise kamera. Kasema amesikia, mimi ndiye mwenye kutikisika.

Jua linatoka. Anasema nisiinue kichwa, niendelee.