Kola za Wifi na Hesabu ya Kompyuta

Jumanne, 8 Oktoba

Afisa utumishi wa kiwanda cha sare za shule kanithibitishia mchana huu: amekataa kutia saini orodha ya mafundi wa kupunguzwa. Orodha imepangwa na programu mpya ya kompyuta, inayohesabu nguo anazomaliza kila fundi kwa zamu. Wa mkiani kabisa ni fundi aliyeanza na kiwanda. Pale wanamwita Bi Kola. Mimi namwita wifi — ni mke wa kaka yangu.

Nimemweleza mhariri. Kasema niendelee, ila undugu utajwe kwenye habari yenyewe. Sawa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepita kwa kaka. Wifi yuko jikoni.

"Wifi, umekuja kunihoji au kula?"

Vyote, nikasema. Basi, akasema, nianze kumenya viazi, hapa hakuna mgeni rasmi.

Nikamuuliza inakuwaje fundi mzuri awe na nguo chache. Akashangaa kuulizwa. Kola ikimshinda mtu, hupelekewa yeye. Anafumua, anashona upya, anarudisha. Nguo inaandikwa kwa aliyeileta. Ndivyo walivyofanya siku zote. "Sasa nimwache binti wa watu aharibu shati zima?"

Kaka anatusikiliza akiwa amelala mkekani. Tangu mgongo umshike, nyumba yote inategemea cherehani ya mkewe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mafundi wamembatiza afisa utumishi Mama Kwanini. Nimehoji maofisa wengi; huyu ni wa peke yake. Hakubishana na kompyuta akiwa ofisini. Alishuka, akavuta kiti kando ya cherehani, akatazama kola zinakwenda wapi.

Meneja alimwambia namba hazina upendeleo.

"Namba hazina," akajibu. "Aliyechagua cha kuhesabu anaweza kuwa nao."

Wala haichukii programu. Ndiyo iliyomwonyesha mwaka jana kwamba usimamizi wa zamu ulikuwa ukigawiwa kirafiki, wanawake wenye kazi safi wakirukwa miaka nenda miaka rudi. Akaenda na takwimu hizo kwa wakubwa. Wanawake wakapandishwa. Anasema chombo kinajibu ulichouliza, basi. Anayepaswa kuulizwa maswali ni muulizaji.

Jumamosi, 12 Oktoba

Meneja katoa dawa yake: kila fundi ahangaike na kola zake. Bi Kola atapanda mara moja.

Nikampelekea wifi habari, nikidhani atafurahi. Akanitazama kama niliyelewa. Akipanda yeye, anashuka yule binti wa cherehani ya jirani, mwenye mtoto mchanga. "Nimfundishe kazi halafu nimsukume? Wifi, shule ulienda kusomea ujinga?"

 

Mama Kwanini naye kaikataa dawa. Kuanzia Jumatatu, kwa wiki moja, kila kola iliyotengenezwa na fundi mwingine itafungwa uzi mwekundu, na kazi hiyo iandikwe kwa aliyeifanya. Kisha programu ihesabu upya. Na atakayebaki kwenye orodha aambiwe sababu kwa lugha ya kawaida, asikilizwe na watu, ndipo uamuzi ufanyike. Meneja kakubali shingo upande.

Jumatano, 23 Oktoba

Wiki ya uzi imekwisha. Hesabu mpya iko tayari, Mama Kwanini hajaiona. Kamwachia mwakilishi wa mafundi abadilishe nywila ya kufungulia programu — asije yeye mwenyewe akashawishika kurekebisha, kasema. Katika kazi hii sijakutana na mkubwa aliyejifungia mlango namna hiyo.

Na Bi Kola akiwa bado mkiani? nikamuuliza.

"Nitamweleza usoni kwa nini. Halafu atasema yake, kabla ya mtu yeyote kushika kalamu."

Jioni nikampigia wifi. Hana wasiwasi, anadai. Kaka nyuma yake anasema mwongo huyo, chai kaitia chumvi. Leo pia kaletewa kola kutwa nzima. Kazitengeneza zote, ingawa kuhesabu kumeshafungwa.

Matokeo yanafunguliwa kesho saa tatu asubuhi, kwenye bwalo la kiwanda, mbele ya mafundi wote.