Mgomo Niliouchochea Kwenye Karakana ya Mke Wangu

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni, maana ndicho chumba pekee nyumbani kwetu ambacho bado hakijafanyiwa majadiliano, na ninakuomba uninusuru kabla ndoa yangu haijanifia mikononi.

Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto, na nilipopunguzwa kazi bila hata kuitwa kikaoni niliamua kurudi chuo kusomea mahusiano ya kazini, yaani jinsi waajiri, wafanyakazi na serikali wanavyovutana na kupatana katika nchi mbalimbali, kwa nini kuna nchi watu wakigoma hata treni zinasimama, na kuna nchi wanagoma huku wanachapa kazi, wamejifunga tu kitambaa mkononi ili bosi ajue wamekasirika, ni somo tamu sana mshauri, ukishalionja huwezi kunyamaza, na mimi sikunyamaza.

Mke wangu ana karakana ya kushona sare za shule hapo hapo uani kwetu, ana mafundi wake wachache, na jioni nikitoka chuo nilizoea kusimama mlangoni kuwasimulia niliyojifunza, wao wananiita Profesa, nami nikiitwa hivyo navimba kichwa, basi siku moja fundi wa kola, ambaye ndiye msemaji wao kwa kuwa sauti yake inashinda cherehani, akaniuliza, "Eti Profesa, hao wa huko nje nao wanakaa kwenye mabenchi yanayovunja mgongo kama haya yetu?" Nikamwambia thubutu, wanakalia viti vyenye egemeo, na zipo nchi ambako mfanyakazi anaketi na bosi kwenye bodi wanapanga pamoja. Kesho yake vyerehani vikazimwa, wakadai viti vyenye egemeo na redio isizimwe wakati wa kazi.

Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, wewe uko upande gani?" nami nikamjibu kwamba mtafiti hana upande. Tangu siku hiyo nalala kwenye kochi.

Kwa kuwa mazungumzo ya maana lazima yawe na pande tatu, nilimwomba mama mkwe, ambaye nyumba ni yake, awe Serikali, akakubali haraka mno, na sasa hata wajukuu wanamwita Serikali, amepiga marufuku mikusanyiko jikoni na juzi alikataa kunipa chumvi mpaka nieleze ni ya matumizi gani.

Lakini mshauri, kinachonikosesha usingizi sijakisema. Msimamizi wangu chuoni alisoma sura niliyoandika kuhusu mgomo huu akasema ni kazi hai ambayo hajaipata kwa mwanafunzi yeyote, nisiuachie mpaka ufike kwenye usuluhishi. Sasa mke wangu alipokubali viti, nikaona mgomo unaniponyoka, nikamvuta fundi wa kola pembeni nikamnong'oneza kwamba kuna nchi wasingeridhika na viti tu. Mafundi walipolegeza kamba kuhusu redio, nikamwambia mke wangu kuna nchi ambako mwajiri angewafungia mlango. Na wanagoma kwa nidhamu ya kupendeza, kila nikirudi nawakuta wamekaa kimya na vitambaa mkononi, roho yangu inafurahi halafu inaniuma, kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa, mwalimu mkuu amepiga simu anataka sare zake, akizikosa atahamia kwa mshonaji mwingine na karakana itafungwa. Nikisema ukweli mke wangu ataniacha, nikinyamaza nitakuwa nimemfilisi. Je, nilete msuluhishi kutoka nje? Na kama ndiyo, afuate utaratibu wa nchi gani?

Mtafiti Aliyekwama

MSHAURI ANAJIBU

Mtafiti, kwanza toka chooni, wenzio wanasubiri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitamani ningekuwa karibu nikuvute sikio. Kusoma si dhambi, na mafundi kudai viti si dhambi pia, migongo ni yao. Lakini wewe ulimchochea huyu na kumtia ndimu yule ili upate cha kuandika. Ungesomea udaktari ungemwambukiza mkeo homa ili usikose mgonjwa? Halafu unaniuliza utaratibu wa nchi gani! Huna haya?

Sasa kaa vizuri, maana barua yako haikuja peke yake. Mkeo naye ameniandikia. Karakana ya sare, mume anayeitwa Profesa na bibi anayeitwa Serikali haviwezi kuwa vya nyumba mbili. Ameniruhusu nijibu hapa hapa, kwa kuwa ukurasa huu ndio kitu pekee unachosoma bila kukipigia mstari.

Baba, mgomo umekwisha zamani. Siku ile ulipomvuta fundi wa kola pembeni, alikwenda moja kwa moja kumweleza mkeo. Ulipomchochea mkeo naye, akamsimulia fundi uliyomwambia, wakatazamana, wakagundua wanashauriwa na mtu mmoja. Ulipokwenda chuo wakakaa na mafundi wote wakaelewana kabla chai haijapoa: viti vitanunuliwa, redio italia mchana. Serikali hakualikwa, na bado amenuna.

Tangu hapo, ukitoka tu mlangoni vyerehani vinanguruma. Ukirudi mama mkwe wako anakohoa dirishani, mafundi wanazima mashine, wanajifunga vitambaa na kukunja uso. Sare zilizokamilika zimerundikwa chumbani kwa mama mkwe, na mwalimu mkuu atazipata kwa wakati. Kochi lako tu ndilo haliko kwenye maigizo. Hiyo ni adhabu, na unaistahili.

Unajiuliza kwa nini wanahangaika hivyo. Mkeo ameandika hivi: "Tangu wampunguze kazini alikuwa haongei, hali, anatazama ukuta tu. Sasa anaandika huku anatabasamu na bafuni anaimba. Nimwambieje kwamba mgomo wake umekwisha bila kumrudisha kule alikokuwa?" Mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi, nimezoea barua za wake wanaotaka kuwakomoa waume zao. Hii ilinitoa machozi.

Kwa hiyo fanya ninavyokwambia. Leo usiende chuo. Mwite mkeo mkae wawili tu, Serikali asiwepo, umwambie ulivyomchochea fundi na ulivyomchochea yeye, bila kutaja nchi yoyote na bila kutafuta maneno makubwa. Kisha uende karakana uwaombe radhi mafundi, ukae kwenye benchi lao hilo hilo ushone vifungo mpaka sare ziishe. Tasnifu yako iandike upya kama mambo yalivyokuwa, kwamba pande mbili zilielewana siku mtaalamu alipokuwa hayupo. Msimamizi wako asipoipenda, shauri yake.

Na usimwendee mkeo ukitetemeka kana kwamba unampelekea habari mpya. Anajua yote. Amekaa wiki hizi zote anaigiza hasara kwenye biashara yake mwenyewe, anasubiri kusikia kama utamwambia.