Utaridi Mbele ya Jua

Ijumaa, 9 Novemba 1973

Shaibu anaota meno, siku ya tatu sijalala. Kesho kisomo cha watu wazima hakuna — uwanja wa shule kapewa Ndugu Ussi, mtaalamu wa nyota kutoka Dar. Kaja na darubini. Kuna sayari, Utaridi, itapita mbele ya jua mchana. Ameonya: mtu asiweke jicho kwenye bomba la darubini, jua litamla jicho mara moja.

Mize wangu namjua. Miaka saba, ukimkataza ndiyo umemtuma. Atabaki na bibi yake. Amenuna, chakula hakugusa.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimeiona! Darubini inalitupa jua kwenye karatasi nyeupe, duara kama sahani, na Utaridi ni kidoa cheusi, kama jicho la dagaa. Jirani yangu Kidawa akauliza: "Ndiyo hiki tu? Muhogo wangu uko motoni." Ndugu Ussi akacheka. Kidoa hicho, anasema, ardhi yake yazidi Afrika mara mbili. Saa mkononi, aliandika dakika na sekunde kilipoingia. Kikitoka ataandika tena. Wenzake wa nchi nyingine wanafanya hivyohivyo, halafu wanalinganisha, wajue barabara njia ya sayari.

Adhuhuri tukatawanyika.

Jioni Mize kaja kunikumbatia. Nikajua kuna jambo. Watu walipokwenda kuswali alimtoroka bibi yake, akachungulia kwenye bomba. Jicho la kulia. Ameona nini? Giza, anasema. Giza tupu.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 11 Novemba

Nimempa mchele achague. Chuya zote katoa. Hainitoshi. Nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikampa sindano na uzi. Mara ya kwanza kakosa. Mara ya pili uzi ukapita. Alhamdulillahi. Nikampa sindano nyembamba zaidi. Ukapita.

Hata hivyo nikamkokota mpaka kwa Ndugu Ussi, anafunga mizigo. Akamsikiliza, akaanza kucheka. "Mama Mize, nilipokwenda kuswali niliiziba darubini kwa kifuniko. Huyu hajaona jua wala chochote."

Nikakaa palepale mchangani. Usingizi wa siku tano ukaniangukia.

Mize ndiyo kwanza analia. Wenzake wote kawatambia kwamba kaiona. Itarudi lini? Miaka kumi na tatu, kasema Ndugu Ussi.

Nimemwambia adhabu yake iko palepale, wiki nzima hatoki uani. Hasikii. Atakuwa na miaka mingapi, anauliza. Anahesabu. Vidole vyake vimekwisha, sasa kakamata vya Shaibu —